Pazia la Mama Jicho

Jumatatu, Machi 2

Mjomba amenipa daftari hili leo, jipya, la jalada gumu, akaniambia niandike humo hotuba ya kumkumbuka Bibi. Siku ya kumbukumbu itakuwa mvua zikiisha. "Wewe ndiye uliyekaa naye," akasema. "Andika maisha yake yote, tangu cherehani ya kwanza. Watu walie kidogo, wacheke kidogo, waende makwao." Mjomba ni mtoto wa kwanza wa Bibi, na hata msibani huongea kama mtu anayeagiza saruji. Nikasema sawa.

Mvua ya kwanza imenyesha. Paa la karakana linavuja palepale, juu ya meza ya kukatia, nami nimetega ndoo ileile. Bibi angesema, "Sogeza kitambaa, paa halijui bei yake."

Alhamisi, Machi 5

Nimeanza hotuba. "Bibi yetu alizaliwa..." Nikafuta. Nani alimjua Bibi kwa kuzaliwa? Walimjua kwa jicho. Mahakimu, madereva, mabwana harusi, yule mwalimu mkuu mwenye bega moja lililoshuka, wote walipita mlango huu, na wote husimulia jambo moja: Mama Jicho hakuwahi kumwekea mtu futi mwilini. Alikukaribisha, akakuvua koti lako kuukuu, akalitundika kwenye msumari kando ya pazia, akakukalisha kitini na kukuuliza hali ya mama yako. Halafu akakutazama, hivi, kama anakusoma. Akaenda nyuma ya pazia kuleta vitambaa uchague, akarudi, akakutajia mabega yako, kifua chako na urefu wa mkono wako bila kukosea. Watu waliapa kwa jicho lile.

Nyuma ya pazia nilikuwapo mimi. Mteja akishakaa, mkono wangu ulichomoza, ukavuta koti msumarini, nikalipima upesiupesi na kulirudisha. Bibi akija kuchukua vitambaa, namnong'oneza. Na suruali? Kiuno alikiacha kipana, akamwambia mteja, "Suti mpya hunenepesha, baba. Utanishukuru." Na wakanenepa kweli!

Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na miwili na sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa siri yetu wawili. Wajukuu tuko wengi kama siafu, na Bibi akanichagua mimi.

Jumapili, Machi 8

Mvua kutwa. Nimepiga pasi, nimemwaga ndoo. Hotuba hola, hata neno moja.

Jumamosi, Machi 14

Nimepiga hatua na hotuba, ila kila ninachoandika kinanirudisha kwenye kisichoandikika.

Zamani Bibi alikatia chumba cha ndani, mlango umefungwa, kwa sababu hakupenda kutazamwa. Aliyeruhusiwa kuingia ni Bibi Mdogo tu, mdogo wake wa tumbo moja, wa kumshikia chaki. Bibi Mdogo ni mtu wa pembeni tangu nimjue. Haneni mpaka aulizwe, hushika birika kwa mkono wa kushoto, hutoa chai na kurudi kuchambua nyuzi.

Nilipomaliza shule, Bibi akaniita chumba cha ndani na kunionyesha mikono yake ikitetemeka. "Mjukuu wangu, imekwisha," akasema. Nililia mimi, yeye hakulia. Akanifundisha kukata kwa mdomo: yeye kitini, anaelekeza kwa fimbo, mimi na mkasi. Bibi Mdogo pembeni na nyuzi zake, anakohoa. Tangu siku hiyo hakuna suti iliyotoka mlango huu ambayo si ya mikono yangu. Bibi alipokea wateja, akawasalimu, akachukua sifa. Mimi sikuwa na neno, maana aliniahidi. Alinishika mkono akaniambia, "Siku nitakayoiaga kazi, nitasimama mbele ya watu wote niseme ni wewe. Kwa kinywa changu."

Akaugua kabla ya siku hiyo. Nimemsamehe hilo. Kifo hakina miadi.

Ijumaa, Machi 20

Leo tumekaa wote sebuleni kwa Mjomba kuchagua picha za kumbukumbu. Mjomba akasema ana kitu kizuri kuliko picha. Mwaka jana mtangazaji wa redio alikuja kuongea na Bibi, mahojiano hayakurushwa, sasa yule bwana kaleta sauti kama rambirambi. Mjomba akaweka simu mezani, ikaanza kusema. Sauti yake hasa, ile yenye kicheko kinachongoja zamu. Mama yangu akajifunika uso kwa kanga.

Mtangazaji akamuuliza, "Na huu mkono wako, Mama Jicho, nani ameurithi?"

Bibi akacheka. "Mkono haurithiwi, baba. Yupo mjukuu wangu mmoja, mtoto mzuri, ananishonea vifungo, ananipikia chai. Lakini kazi hii itaondoka na mimi. Siku nikienda, mlango ufungwe."

Sebule nzima ikaangua kicheko na machozi. Binamu zangu wakanipigapiga mgongoni. "Chai nzuri hiyo!" Nikatabasamu. Sijui nilitoa wapi meno ya kutabasamia.

Mjomba akafuta macho na kusema, "Mmesikia wenyewe. Huo ni wasia." Kisha akatangaza: mvua zikiisha, baada ya kumbukumbu, karakana inafungwa. Ameshapata mpangaji, muuza simu. Cherehani moja nitapewa mimi, "kwa vifungo vyako," akasema, wala hakuwa na nia mbaya. Bibi Mdogo atahamia kwa mama.

Jumamosi, Machi 21

Vifungo! Vifungo, Bibi!

Nimefungua karakana asubuhi nikakaa kwenye kiti chake, kiti ambacho sijawahi kukikalia. Suti ya hakimu ile ya kijivu, niliyoifumua kola nikaanza upya kwa sababu haikulala vizuri, nani aliishona? Koti la bwana harusi mwenye kibiongo, ambaye mama yake aliliona akapiga magoti hapa sakafuni kwa furaha? Mama yule aliuinua mkono wa Bibi juu kumsifu, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza, nimefurahi. Mjinga mimi. Mwaka jana huo wa redio nilikuwa nyumba hiyohiyo, jikoni nachemsha hiyo chai. Angeweza kusema "ananisaidia" tu akanyamaza. Hapana, akasema vifungo, akasema mlango ufungwe. Aliniahidi kinywa chake, na kinywa chake ndicho kilichonizika.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi nguo ndiyo kazi yetu.

Jumatano, Aprili 1

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Nimekwenda kumwambia Mjomba ukweli, peke yake, ofisini kwake. Nimemwambia yote, pazia, koti msumarini, mikono yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ampe. Halafu akasema, "Bibi yako alikufa hata miezi mitatu haijapita." Nikamwambia njoo unitazame nikikata. Akasema, "Kukata unajua, umekaa na fundi. Hata mimi nimekaa na mama yangu na najua kupika wali." Nikamuuliza, kwa hiyo mimi ni mwongo? Akasema, "Wewe una huzuni."

Jumatatu, Aprili 6

Dunia haina haya. Mjomba ameniletea suti yake ya harusi niiongeze kiunoni, aivae siku ya kumbukumbu. "Hii ni ya mkono wa mama hasa," akasema, "kabla hujazaliwa. Angalia usiiharibu." Nimeitundika. Sitaigusa wiki hii.

Jumamosi, Aprili 11

Nimeigusa.

Ili koti likubali kupanuka ilibidi nifungue bitana mpaka kwenye kola. Chini ya kola ya koti zuri kuna mishono midogo ya mkono, mamia, inashikilia kitambaa kigumu kwa ndani ili kola ikunjike na isilale kama sikio la mbuzi. Mteja haioni maisha yake yote. Ukishona kwa mkono wa kulia, mishono hiyo huegemea upande mmoja, kama mvua yenye upepo. Ya kwangu huegemea hivyo. Bibi naye alikuwa wa kulia, alikula kwa kulia, alitupiga kwa kulia.

Mishono ya suti ya Mjomba imeegemea upande wa pili, yote.

Nilikaa nayo mapajani, maji yanadondoka kwenye ndoo. Mlangoni akatokea Bibi Mdogo na birika, akanimiminia chai. Kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake siku hizi vimejikunja, birika hulibeba kwa kiganja. Akaona nilichoshika. Akaweka birika chini polepole.

"Umefungua kola," akasema.

"Ni wewe."

"Chai itapoa."

"Bibi Mdogo. Suti hii umeshona wewe?"

Akakaa. Sijawahi kumwona akikaa bila nyuzi mkononi. "Hiyo na nyingine," akasema. "Dada alijua mashine, mstari ulionyooka. Na vifungo. Vifungo alikuwa hodari."

Nilicheka mpaka nikaogopa kicheko changu. Vifungo!

Nikamuuliza, na nyuma ya pazia, kabla yangu? Akanyoosha kidole, kadiri kinavyonyooka, akanionyesha kwenye fremu ya mlango pale pazia linapoanzia. Mbao imelika, imekuwa laini, kwa kimo cha bega la mtu mzima. Nilidhani miaka yote ni uchakavu tu wa nyumba. Ni bega lake. Alikuwa akiegemea hapo akingoja makoti.

"Yeye alifanya nini, basi?" nikauliza.

"Aliwaleta," akasema Bibi Mdogo. "Mimi mtu akiniangalia nasahau jina langu. Nani angemletea bubu kitambaa? Dada alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na vidole. Tulikula."

Kisha akaondoka na birika. Nikakumbuka kile kikohozi. Siku zote nikikata mbele ya Bibi, fimbo ikielekeza, nilipotaka kukosea Bibi Mdogo alikohoa, nami nikasita, nikatazama upya, nikaona kosa. Nilidhani ni kifua. Nilimletea asali!

Jumapili, Aprili 19

Nilimwuliza mama yangu leo, tukiwa tunakunja nguo. Mama, siku Bibi alipokuja kunichagua, alisema nini?

Mama akashangaa. "Bibi yako hakuja. Alikuja Bibi Mdogo. Wewe ulikuwa barazani unamshonea mdoli gauni. Akakutazama mchana kutwa, akakushika vidole, akavikunja na kuvikunjua kama anayenunua samaki. Akaniambia, huyu."

"Ukakubali?"

"Nilifurahi. Nilidhani wanakupenda."

"Na ulijua nani anashona?"

Mama akaendelea kukunja. Shuka moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Sisi watoto tulilala chini ya meza ile," akasema. "Mtu hajui anachokijua, mwanangu. Na maiti hasemwi."

Sikuchaguliwa kwa kupendwa, basi. Nilichaguliwa kama mkasi, na hata aliyenichagua si yule niliyemlilia.

Jumatatu, Aprili 20

Nimemvamia Bibi Mdogo chumbani kwake kabla ya chai.

"Ulijua atanifanyia nini," nikamwambia. "Alikufanyia wewe kwanza. Ukaja kunitoa kwa mama yangu ukanisimamisha palepale."

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini?"

"Vidole vilianza kukataa. Wewe hujui maumivu yake asubuhi. Nilitaka kupumzika." Akanitazama usoni, jambo ambalo halifanyi. "Na nikasema, labda kwako atatimiza. Hata mimi aliniahidi."

Ahadi ileile. Nilimwuliza maneno, akayataja, kwa kinywa changu, mbele ya watu wote. Hata hakujisumbua kutunga mapya.

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nikamwambia: siku ya kumbukumbu ninayo hotuba, nitasema yote, yako kwanza kisha yangu. Karakana haitafungwa, itaandikwa majina yetu mlangoni. Lakini peke yangu wataniona nina wivu. Utasimama nami? Useme tu, ndiyo, nilishona mimi?

Mvua ikapiga bati. Kisha akasema, "Sema. Nitasimama nawe."

"Kweli?"

"Nimesema, mjukuu wangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Nimeandika hotuba yote leo, kwa pumzi moja.

Jumamosi, Aprili 25

Mvua inapungua. Kola ya koti la Mjomba nimeishikiza kwa uzi mmoja tu wa kuvuta, ifunguke siku hiyo. Bibi Mdogo ameniletea chai mara tatu.

Jumamosi, Mei 2

Imekwisha. Naandika mchana, nguo za sherehe bado mwilini.

Ukumbi ulijaa. Wateja wa Bibi walileta suti zao, zikatundikwa ukutani pande zote, za zamani huku, za karibuni kule, nami niliweza kuona ukumbi mzima nani kashona nini: huku Bibi Mdogo, kule mimi. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye picha kubwa, amekaa kwenye kiti chake, anacheka.

Nilianza kwa sifa, na sifa zile zilikuwa za kweli. Nilisema alimfanya maskini aingie mlangoni kama waziri. Watu wakaitikia. Kisha nikasema, "Lakini Bibi hakuzishona hizi." Nikasimulia. Watu wakaacha kuitikia. Nikamwomba Mjomba radhi, nikamwendea, nikavuta uzi, nikaifungua kola yake mbele ya watu, nikaonyesha mishono inaegemea wapi. Nikasema, "Aliyeshona hii anatumia kushoto, na yumo humu. Bibi Mdogo, tafadhali."

Akasimama. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na birika. Akasimama kama alivyoahidi, watu wakageuka wote, na nikaona macho hayo yote yanavyomwangukia. Akafumba macho kidogo.

"Mtoto huyu ana uchungu," akasema. Sauti ndogo, lakini kimya kilikuwa kikubwa, ikasikika. "Msimlaumu. Mimi nilikuwa natoa chai. Dada yangu alishona zote."

Akakaa.

Nikabaki nimeshika ule uzi wa kola. Yule mwalimu mkuu wa bega lililoshuka, sasa mstaafu, akauliza kwa upole, na mishono ya kushoto je? Mjomba, kola yake imefunguka, akapata jibu papo hapo. "Mama alitumia mikono yote miwili!" akapaza sauti. "Kumbe! Hata sisi wanawe hatukujua!" Ukumbi ukalipuka makofi. Nilikwenda kumwondolea Bibi sifa, nikamwongezea mkono.

Nilimkuta Bibi Mdogo jikoni akisuuza vikombe.

"Uliniahidi," nikamwambia.

"Nilitaka," akasema. "Nilisimama nikitaka. Halafu nikamwona pale kwenye picha." Kikombe kikamponyoka, hakikuvunjika. "Maisha yangu yote nimemlinda yule. Ukimvua yeye nguo, nami nabaki na nini? Nabaki mpumbavu aliyeibiwa miaka yote. Afadhali niwe nilitoa chai."

"Na mimi?"

"Wewe una vidole," akasema.

Nilimwachia ukumbi na vikombe vyake. Wawili sasa wameniahidi kitu kimoja. Mmoja ana udhuru wa kufa.

Jumatatu, Mei 4

Jua. Muuza simu ameleta rafu zake. Nimetoa cherehani yangu, mkasi na futi. Pazia ameuliza nalitaka? Nikamwambia alitumie kufutia vioo.

Ijumaa, Mei 8

Bibi Mdogo amehamia hapa kwa mama, chumba cha pili. Hatusemezani. Mama anapeleka salamu kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili kama tarishi. Hotuba ya zamani nimeichana. Nimebakiza hizi kurasa.

Jumanne, Mei 12

Cherehani nimeiweka barazani kwa mama, mahali wazi, kila apitaye anaona. Siku zote hizi amepita kila mtu na hajasimama yeyote, wamesikia mimi ndiye yule mjukuu mwenye wivu. Bibi Mdogo huja baada ya chai, anakaa pembeni na nyuzi zake. Simfukuzi, baraza si langu.

Leo alikuja mwalimu mkuu, yule wa bega lililoshuka. Alisema anataka koti. Hakutaja ukumbi, nami nikashukuru. Akavua lile kuukuu, akatazama ukutani akitafuta msumari.

"Weka kitini tu, mwalimu. Sina msumari."

Akasimama mbele yangu, akanyooka, akangoja. Nikaelewa anangoja kutazamwa.

"Wewe hupimi kwa jicho?"

"Hapana. Napima kwa futi. Inua mikono."

Nikampima hadharani, watu wanapita njiani, nikitaja kila kipimo kwa sauti. Kifua. Mkono. Nilipofika mabegani nikaweka futi, nikasoma, nikataja.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Mkono wangu ukasita wenyewe. Nilitaka niupuuze, naapa. Nikashusha futi, nikaiweka upya kwenye lile bega lililoshuka, nikasoma. Nilikuwa nimekosea.

Nikataja kipimo sahihi, kwa sauti ileile, wala sikumgeukia.